Kabati Kavu la Bi Gaik

Kifurushi kilirudi Jumanne asubuhi, kwa mara ya tatu, na Khoo Siew Gaik hakuhitaji kukifungua ili ajue ndani kumeandikwa nini. Alikifungua hata hivyo. Karatasi ya juu ilikuwa na maneno yale yale ya mara ya kwanza na ya pili: "Vichujio si sahihi. Tafadhali rekebisheni." Hakuna namba, hakuna mchoro, hata salamu hakuna.

"Si sahihi," alisema kwa sauti. "Si sahihi namna gani? Vina homa? Vimegoma kula?"

"Labda vimekukumbuka tu, Kak," alijibu Suriani bila kuinua kichwa kwenye trei aliyokuwa akiifuta. "Binti akidekezwa sana kwao, haolewi akatulia."

Suriani alikuwa fundi wake kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwacha Gaik akasirike kwa amani. Alimwita Kak, dada mkubwa, kama Wamalay wanavyomwita kila mwanamke aliyewatangulia kidogo, na Gaik, Mchina wa Air Itam asiyekuwa na mdogo wa kuzaliwa naye, alikuwa ameizoea heshima hiyo pamoja na kero zake.

Alivihesabu vichujio kwa kibano. Saba. Akavihesabu tena.

"Tuliwapelekea vinane."

"Cha nane labda kimepona."

Gaik hakucheka. Kila kichujio kilikuwa kipande cha kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chembamba kama kadi ya mwaliko, kimepakwa matabaka sitini na mawili ya madini mawili kwa zamu. Kazi yake ilikuwa kuuzuia mwanga wote wa dunia na kupitisha ufito mmoja tu wa wekundu, ule wa nanomita mia sita themanini na mbili, ambao ukijani wa mimea huumeza kwa pupa. Vilikuwa vya kamera nane za kiwanda cha mafuta ya mawese kule Nibong Tebal, ng'ambo ya daraja. Lori likimwaga mashada ya chikichi, kamera iliyatazama na kusema lipi limeiva na lipi bado. Shada bichi linaweza kumdanganya mtu kwa ganda jekundu, lakini kwenye ufito ule linaonekana jeusi, kwa sababu ukijani bado umo ndani. Shada lililoiva linang'aa. Ila ufito ukiteleza kidogo tu, nanomita nane au tisa kuelekea upande wa wekundu mkali, bichi na bivu hufanana kama mapacha, na kamera inageuka mlevi.

Ndiyo maana Gaik alikuwa na hasira. Mara mbili vichujio vilirudi vikisingiziwa ubovu, mara mbili alivipima, na mara zote mbili ufito ulikuwa palepale alipouweka, mia sita themanini na mbili, umenyooka kama mnara. Mara mbili aliwaandikia wajenzi wa kamera walioko Kulim: "Vichujio ni sahihi. Tafadhali kagueni kamera zenu." Nao kila mara walijibu kwamba kamera ni nzima.

"Viingize kabatini," alisema.

Suriani alivichukua. Kabati kavu lilisimama kando ya mlango, refu, lenye kioo mbele na mashine ndogo chini iliyonyonya unyevu usiku na mchana. Juu ya mlango wake ilibandikwa karatasi iliyokwisha kuwa ya manjano: KILA KIOO KINACHORUDI KIKAE HUMU SAA ARUBAINI NA NANE KABLA YA KUPIMWA. Chini yake, sahihi ya Gaik mwenyewe. Aliiandika miaka kumi na sita iliyopita, mwaka ambao ukungu uliota juu ya lenzi mia tatu za mteja kwa sababu mtu fulani alizipanga rafuni na jasho lake. Katika kisiwa cha Pinang hewa hunyweka. Tangu karatasi ile ibandikwe, ukungu haukurudi, na Gaik aliihesabu kanuni ile miongoni mwa mambo machache maishani mwake ambayo watu waliyafuata bila kubishana naye.

"Leo Jumanne," Suriani alisema, akiseti saa ya kabati. "Tutavitoa Alhamisi."

"Najua kuhesabu."

"Na Ijumaa bosi ana kikao na Kulim."

"Na hilo nalijua, Suriani."

Kabla ya saa nne, wanaume wawili kutoka Ukumbi B waliingia na futi ya kupimia. Hawakumsalimu mtu. Walilizunguka pipa kubwa la chuma lililokaa katikati ya chumba, wakapima urefu wake, upana wake, na umbali kutoka mlangoni. Kisha mmoja akapiga magoti na kuchora mistari myeupe sakafuni kulizunguka.

"Mnamshonea nani sanda?" Suriani aliuliza.

"Tumetumwa na bosi," yule mchoraji alisema, akiona haya. "Trei za vioo vya simu ni pana. Tunaangalia kama zitaingia."

Pipa hilo lilikuwa Chumba cha Nne, na wao wawili waliliita Ah Mah, bibi. Hewa yote ilinyonywa humo, madini yakachomwa yakawa mvuke, na mvuke ukatua juu ya vioo vilivyokuwa vikizunguka darini, tabaka juu ya tabaka. Vyumba vitatu vingine vya kiwanda vilifanya kazi moja mwaka mzima, vioo vya simu kwa mamilioni, vyote sawa. Ah Mah peke yake ndiye aliyepika oda za ajabu: kichujio cha kutazama damu ndani ya ngozi, kichujio cha kutambua karatasi za kughushi, kichujio cha mtu mmoja wa Ipoh aliyetaka kupiga picha jua wala hakueleza kwa nini. Kila kimoja Gaik alikibuni mwenyewe.

Baba yake alisaga miwani katika duka dogo la mtaa wa Lebuh Campbell, na jambo lililomchosha kuliko yote lilikuwa mteja anayesema, "Ni kioo tu, mzee." Gaik alilirithi chukizo hilo pamoja na macho mabovu. Aliingia kiwandani Bayan Lepas akiwa na miaka kumi na tisa, kufuta trei, na mhandisi mmoja mzee wa Kijapani, Bwana Kuramochi, akamkuta wakati wa chakula cha mchana akinakili michoro ya matabaka kwenye karatasi ya miraba. Hakumsifu. Alimwonyesha tabaka la kumi na moja na kusema limekosewa. Gaik alikaa siku tatu akilitafuta kosa, akalipata, na tangu siku ile hakufuta trei tena. Sasa ana miaka hamsini na minne. Programu za kompyuta zinabuni matabaka kwa dakika mbili, naye huzitumia, kisha hukaa na penseli saa nzima akizirekebisha, kwa maana programu haijawahi kusimama mbele ya Ah Mah ikamsikia anakohoa.

Saa sita aliingia bosi. Bwana Tharmaraj alikuwa na miaka thelathini na minne, mpole, mwenye viatu safi, na upole wake ulimuudhi Gaik zaidi ya ukali wa mabosi wanne waliomtangulia.

"Bi Khoo," alianza, "umeshaona Ukumbi B walikuja."

"Nimeona wamechafua sakafu yangu."

"Naomba tuelewane. Mimi sina ugomvi na oda maalumu. Lakini oda hii imerudi mara tatu. Kulim wamenipigia mimi, si wewe. Ijumaa saa nane mchana nina kikao nao. Tukiwa bado tunaambiana kioo ni kizima, kamera ni nzima, kioo ni kizima, basi Jumatatu Chumba cha Nne kinaanza vioo vya simu."

"Na mimi?"

"Utafundisha. Kuna meza upande wa kantini. Ina dirisha."

"Dirisha," Gaik alisema.

"Watu wanalipenda."

Alipotoka, Suriani alisubiri mlango ufungwe. "Dirisha lenyewe linatazama mapipa ya takataka, Kak. Lakini mwanga wake ni mzuri. Wote unapita."

Gaik alirudi kwenye meza yake na kuitandaza michoro ya vile vichujio kwa mara ya hamsini. Alitafuta kosa kama alivyolitafuta akiwa na miaka kumi na tisa, na kosa halikuwepo. Kila namba ilikaa palipofaa. Jambo hilo halikumfariji hata kidogo. Ukikosea, unarekebisha. Usipokosea, unarekebisha nini?

Jumatano, saa nne na nusu, mlinzi wa lango alipiga simu. Kuna mzee hapa, alisema, ana mkebe wa chakula na anamtaka mwenye vioo.

Mzee mwenyewe aliingia akiwa ameloa jasho, kofia ya pikipiki kwapani, mkebe wa chakula wa ghorofa tatu mkononi. Alisema anaitwa Mahat, Pak Mahat kwa heshima ya uzee, mkaguzi wa mashada, Nibong Tebal, miaka thelathini na moja katika kazi hiyo kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuletewa kamera. Alitazama chumba, akatazama pipa, akamtazama Gaik kutoka kofia ya nailoni hadi viatu vyeupe.

"Wewe ndiye Puan Khoo? Nilidhani ni mwanaume. Barua zako ni kali."

"Na wewe ndiye unayesema vichujio vyangu vibovu?"

"Mimi? Mimi nimesema kamera inasema uongo. Kulim wakasema ni kioo. Nyinyi mnasema kioo ni kizima. Kulim wanasema kamera ni nzima. Basi mgonjwa nani, mimi?" Aliweka mkebe mezani kwa kishindo. "Wakulima wananitukana kila siku. Wenye mashada mabivu wanaambiwa hayajaiva, wenye mabichi wanapeta. Nimechoka kutukanwa kwa ajili ya kioo. Leo nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimefungua kamera kwa bisibisi yangu, nimekuletea mgonjwa mwenyewe. Mpime nikiona."

Akafungua ghorofa ya juu ya mkebe. Ndani yake, katika karatasi laini ya chooni, kilikuwemo kichujio cha nane. Ghorofa ya pili ilikuwa na wali, ya tatu mchuzi wa samaki, na vyote viwili vilikuwa bado vinatoa mvuke.

Gaik aliinama juu ya mkebe.

"Umekiweka," alisema polepole, "juu ya mchuzi?"

"Juu ya wali. Mchuzi uko chini kabisa. Mke wangu amepakia saa mbili, bado wa moto, mkebe mzuri huu."

"Pak Mahat, hiki ni kitu cha nanomita!"

"Kwenye kamera kinakaa kando ya matangi ya kuchemshia mashada, mvuke saa ishirini na nne. Mchuzi wa mke wangu una kosa gani?"

Suriani aligeuka upande wa ukuta, mabega yakimtikisika.

"Kiingize kabatini," Gaik alimwambia. "Na huyu mzee apewe chai. Pak Mahat, kanuni yetu ni siku mbili. Rudi Ijumaa asubuhi."

"Siku mbili! Feri yangu ni ya saa saba. Kesho niko rampuni, malori yanapomwaga, tangu alfajiri, na sasa hakuna kamera hata moja yenye jicho." Mzee aliketi kwenye kiti pasipo kukaribishwa. "Siondoki. Nina chakula."

Hapo uvumilivu wa Gaik ulikwisha. Hakuwa na mawazo yoyote ya busara, na baadaye hakujidai kwamba alikuwa nayo. Alichotaka ni mzee yule aone kilele cha ufito kimesimama mahali pake, afunge mkebe wake, aende zake akawaambie Kulim.

"Sawa!" alisema. "Tazama kwa macho yako, kisha utuache tufanye kazi."

"Kanuni, Kak," Suriani alinong'ona.

"Kanuni ni yangu."

Alikifuta kichujio kwa hewa, akakibana ndani ya spektromita, mashine ya kupimia mwanga, akabonyeza. Mstari ulitambaa kwenye skrini, chini, chini, chini, kisha ukapanda. Ulipanda mahali pasipo pake. Kilele kilisimama mia sita tisini na moja.

Pak Mahat, ambaye hakujua kusoma mchoro ule, alisoma uso wa Gaik.

"Mgonjwa?" aliuliza.

"Mashine imepotea," Gaik alisema. Akaiseti upya kwa kioo cha marejeo. Mashine haikupotea. Akapima tena. Mia sita tisini na moja. Akatoa kimoja cha vile saba kabatini, akakipima: mia sita themanini na mbili, mnara. Akarudisha cha mkebe: tisini nukta sita. Akasubiri dakika kumi, hewa kavu ya mashine ikipita juu yake, akapima: tisini nukta moja.

Kilikuwa kinarudi nyumbani, mbele ya macho yao, taratibu kama mtoto mtoro anayeingilia mlango wa uani.

"Pak Mahat," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kamera ilianza lini kusema uongo? Siku ile ile ya kwanza?"

"Siku ya kwanza? La. Siku mbili za mwanzo ni malaika. Siku ya tatu inaanza kusema uongo kama dalali. Niliwaambia Kulim. Mara tatu niliwaambia. Wakaniambia, Pak, hayo si ya kuandika kwenye fomu."

Gaik aliketi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba utando wa madini wenye vinyweleo, vitundu visivyoonekana, hunywa maji, na utando ulionywa maji huusogeza ufito wake kuelekea kwenye wekundu. Bunduki ya ioni ndani ya Ah Mah ilikuwepo kwa ajili hiyo: iligonga madini yakitua, ikayashindilia, vinyweleo vikazibwa. Lakini ukiyashindilia sana juu ya kioo chembamba kama kadi, kioo hupinda kama jani kavu. Kwa hiyo aliipunguza nguvu bunduki. Nusu, alifikiri, nusu itatosha. Na kila alipotaka kujua kama nusu imetosha, kila kipande kilichorudi kimeshiba mvuke wa kiwanda, kilipita kwanza saa arubaini na nane ndani ya kabati lililokikausha hadi tone la mwisho. Kisha akakipima, akakikuta kizima, akaandika barua kali.

Suriani alikuwa akiitazama karatasi ya manjano kwenye mlango wa kabati. "Kikulacho, Kak..."

"Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Usimalizie."

Pak Mahat alikuwa amefungua ghorofa ya pili. "Naweza kula sasa?"

"Kula," Gaik alisema. "Kula, Pak. Suriani, mletee na soda."

Mzee alipoondoka, Suriani alisema jambo ambalo Gaik mwenyewe alikuwa amelifikiria kwa dakika nzima. "Kwenye oda yao hawakuandika unyevu, Kak. Hata neno moja. Walitaka mia sita themanini na mbili, chumbani, tumewapa. Ukienda Ijumaa na karatasi hiyo, hakuna wa kukushinda."

"Nitashinda, halafu vitarudi mara ya nne."

"Lakini utakuwa umeshinda."

"Baba yangu alishindana na wateja miaka arobaini," Gaik alisema. "Wote walikuwa na makosa. Wote waliondoka hawaoni."

Mchana wote wa Jumatano alikaa na penseli. Bunduki ingefanya kazi kwa nguvu zote, hilo halikuwa na mjadala, na kioo kingepinda. Njia ilikuwa kupaka pia mgongo wa kioo, utando mzito upande wa pili, uvute sawa na wa mbele, kama watu wawili wanaovutana kamba hadi kamba inanyooka. Alibuni mgongo upya mara nne. Programu ilimpa matabaka tisa, yeye akayafanya saba.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi walimpakia Ah Mah vioo kumi na viwili. Mistari myeupe ya Ukumbi B ilikuwa bado sakafuni, na kila alipopita Gaik aliikanyaga kwa makusudi. Pampu zilinguruma. Saa nne bunduki ilizimika yenyewe. Suriani akaibembeleza kwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa, ikawaka. Saa tisa waligeuza vioo kwa ajili ya mgongo, na vitatu vilikuwa vimeshapasuka, vimechoka kuvutwa upande mmoja. Tisa vilibaki. Vinahitajika vinane.

"Ukipiga chafya," Gaik alisema, "ukapige nje."

Magharibi vilitoka. Tisa, vimenyooka. Kilele, mia sita themanini na mbili nukta tatu.

Ijumaa asubuhi wapishi wa kantini walikasirishwa na mafundi wawili waliodai chombo kikubwa cha kupikia wali kwa mvuke, wakakataa kueleza, kisha wakapanga vipande vya vioo juu ya kichungio chake kana kwamba ni maandazi. Vilikaa mvukeni kwa muda wa saa nne. Saa saba na robo vilitolewa, vikafutwa, vikapimwa hapo hapo, bila kabati. Gaik alishika ukingo wa meza. Mstari ulitambaa, ukapanda.

Mia sita themanini na mbili nukta tano.

Kwenye kikao, Kulim walikuwa kwenye simu, sauti mbili zilizokwisha kuchoka kabla ya kuanza. Gaik aliwaeleza. Aliwatumia michoro miwili miwili, mkavu na wa mvuke, ya vile vya zamani na ya vile vipya.

"Kwa hiyo mara tatu hizi," sauti moja ilisema, "vilikuwa vibovu."

"Vilikuwa vibovu kwenu na vizima kwetu," Gaik alisema. "Sisi tulikuwa tunavikausha kabla ya kuvipima."

Bwana Tharmaraj aliweka kalamu chini. "Nani anavikausha?"

"Kabati. Ni kanuni."

"Nani aliandika kanuni hiyo?"

Angeweza kusema ni kanuni ya zamani. Angeweza kusema ni ya wakati wa bosi wa pili. "Mimi," alisema. "Sahihi yangu iko mlangoni. Na barua zote tatu zilizosema kamera ni mbovu, hizo pia ni zangu."

Hizo zilikuwa mbili tu. Ya tatu hakuwahi kuiandika. Lakini alikuwa ameshaitunga kichwani, na aliona ni haki ihesabiwe.

Bwana Tharmaraj alisema wasubiri. Vichujio vinane viende Nibong Tebal leo hii. Chumba cha Nne kibaki kama kilivyo hadi ile siku ya tatu, ya uongo, ipite. Baada ya hapo ataamua. Gaik alitaka jibu la ndiyo au hapana, akapewa siku nyingine za kutolala vizuri, akashukuru kwa meno yaliyobanana.

Jumatatu hakuna simu. Jumanne hakuna. Ukumbi B walimpigia Suriani kuuliza kama wanaweza kuleta trei, naye akawaambia walete na maua. Jumatano adhuhuri simu ya mezani ililia.

"Puan Khoo? Mahat hapa."

"Sema."

"Nina malalamiko."

Gaik alifumba macho. "Sema, Pak."

"Siku ya tano leo. Inasema kweli. Inasema kweli mno! Asubuhi imeyakataa mashada kumi na moja ya shemeji yangu, na kweli mabichi, nimeyapasua kwa shoka. Sasa dada yangu hazungumzi na mimi. Hukuweza kuacha uongo kidogo tu, wa kifamilia?"

Gaik alicheka, na kwa kuwa hakuwa na mazoea, kicheko kilitoka kama kikohozi cha Ah Mah.

Saa nane Bwana Tharmaraj alipita mlangoni. Kulim wameridhika, alisema. Chumba cha Nne kinabaki. Kisha, kwa upole ule ule: "Ila wanauliza, Bi Khoo, kama ufito unaweza kusogezwa nanomita sita. Na kama unaweza kuwa mwembamba zaidi. Na kama inawezekana kabla ya mwisho wa mwezi."

"Sita upande gani?"

"Hawakuandika."

Gaik alimtazama mpaka akaondoka. Kisha akaenda kabatini na kuibandua karatasi ya manjano. Gundi ya miaka kumi na sita iliondoka na rangi ya mlango. Akaandika mpya: KILA KIOO KINACHORUDI KIPIMWE KAMA KILIVYOFIKA, KISHA KIINGIE HUMU, KISHA KIPIMWE TENA. Akatia sahihi.

"Ongeza, pamoja na chakula kilichokuja nacho," Suriani alisema.

"Lete spiriti na kitambaa."

Walipiga magoti wote wawili kando ya Ah Mah kuifuta ile mistari myeupe. Gaik alisugua mara moja, mara mbili, kwa nguvu, akanusa kitambaa, akainuka wima akiwa bado magotini.

"Rangi ya mafuta!" alisema. "Wamechora kwa rangi ya mafuta! Sakafu ya chumba safi!"

"Nikawaite?"

"Waite," Gaik alisema, akisugua. "Na waje na magoti yao."